Utakatifu wa Mwalimu ni wa Kanisa, historia ni yetu sote

  

Ipo habari moja ambayo kwa miaka mingi sasa haipiti Juni wala Oktoba bila kurejea katika magazeti na redio zetu. Mwanzoni mwa Juni mahujaji Wakatoliki kutoka Tanzania hukusanyika Namugongo, nchini Uganda, kumwombea Mwalimu Julius Kambarage Nyerere atangazwe mwenyeheri, na Rais Yoweri Museveni amekuwa akihudhuria ibada hiyo ingawa yeye si Mkatoliki. Oktoba nayo ikifika, kwa kuwa Mwalimu alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 mjini London, kumbukumbu ya kitaifa na misa za kumwombea hufanyika siku moja, na hotuba za wanasiasa huchanganyikana na mahubiri kiasi kwamba msikilizaji hawezi kujua mara moja ni wapi serikali imeishia na wapi Kanisa limeanzia.

Mchakato wenyewe ulianzia Jimbo Katoliki la Musoma mwaka 2005, na tangu hapo Kanisa humwita Mwalimu kwa jina la Mtumishi wa Mungu, ambalo ni daraja ya kwanza katika safari ndefu. Mbele yake kuna daraja ya mwenyeheri na ile ya mtakatifu, na kila moja ina masharti yake ya uchunguzi na ya miujiza.

Katika vijiwe vya kahawa na baraza za misikiti yetu habari hii hupokewa kwa namna tofauti. Wapo wanaocheka, wapo wanaokasirika, na wapo, tena ndio wengi, wanaosema kwamba hayo ni ya Wakatoliki na hayatuhusu. Sisi tunaona kwamba kundi hili la tatu limesema nusu ya ukweli. Utakatifu hautuhusu, ama mtu mwenyewe anatuhusu sana. Mtu huyo aliongoza nchi hii hadi mwaka 1985, alilala na kula katika nyumba za wazee wetu, na baadhi ya wazee hao hao baadaye walihamishwa, walifungwa au walisahauliwa katika zama za utawala wake. Habari zake ni sehemu ya habari zetu.

Tuanze na Mwisenge. Hiyo ni kata ya mji wa Musoma, karibu na ziwa, na shule yake ya msingi ndiyo aliyoanzia masomo mtoto Kambarage mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, baada ya kutoka Butiama, mwendo wa takriban kilomita 40. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Alikuwa katika dini ya wazee wake, na mtoto naye alifika shuleni katika hali hiyo. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka ni kwamba Mwisenge haikuwa shule ya misheni. Ilikuwa shule ya mamlaka ya wenyeji chini ya serikali ya Mwingereza. Mafundisho ya Ukristo Kambarage aliyafuata nje ya darasa, katika misheni ya Nyegina, kwa hiari yake na pamoja na rafiki yake wa shuleni. Mwaka 1937 akaenda Tabora, katika shule nyingine ya serikali, na hata huko akamaliza bila kubatizwa. Ubatizo wake ulifanyika tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21 na tayari yuko Makerere, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake. Hapo ndipo alipoitwa Julius.

Kwa mzazi wa Kiislamu wa zama zile habari hiyo ina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu wengi walijikuta mbele ya njia panda: ama mtoto asome na dini yake iwekwe hatarini, ama dini yake ihifadhiwe na mtoto abaki bila kalamu. Wengi walichagua dini, na gharama ya uchaguzi huo vizazi vyao vimeilipa katika ajira na katika madaraka. Kambarage hakuwekwa katika njia panda hiyo. Alifunguliwa mlango wa shule ambayo haikumuuliza anaabudu nini, akapewa miaka ya kutafakari, akachagua alichochagua akiwa mtu mzima.

Sasa basi, ikiwa siku moja Kanisa litamtangaza Mwalimu kuwa mtakatifu, mahujaji watamiminika mkoani Mara. Watakwenda Butiama kwenye kaburi, na hapo wenyeji wao ni familia. Watakwenda Nyegina, na hapo wenyeji wao ni Kanisa. Lakini watataka kufika na Mwisenge pia, na Mwisenge ni shule ya umma. Mtoto wa Kiislamu kutoka Mwigobero au Kitaji anayekaa katika darasa la shule ile ana haki ya kuambiwa kwamba amekaa alipokaa kiongozi aliyeongoza nchi yake kwenye uhuru. Hana wajibu wa kuambiwa kwamba amekaa mahali patakatifu. Mpaka huu ni mwembamba, na ni afadhali uchorwe mapema, watu wakiwa watulivu, kuliko kungojea siku ambayo kila mwenye neno ataonekana ana chuki.

Tukirejea katika mchakato wenyewe, inafaa Waislamu waelewe unavyokwenda, kwa sababu wengi hudhani ni suala la maaskofu kukaa na kupiga kura. Sivyo. Kiini chake ni ushahidi. Maandishi ya marehemu hukusanywa na kusomwa. Watu waliomjua huitwa, huapishwa na kuhojiwa, na kanuni za Kanisa lenyewe hutaka hata wale wenye maneno ya kupinga wasikilizwe, maneno yao yaandikwe na kutiwa katika majalada. Mtu akisoma utaratibu huo, kisha akakumbuka namna maimamu wa hadithi walivyokuwa wakimchunguza mpokezi mmoja mmoja, uadilifu wake, kumbukumbu yake na wale aliowasikia, ataona kwamba hapa pana lugha ambayo Mwislamu aliyesoma hawezi kudai haielewi.

Ama hukumu ya nani ni mtu wa Peponi, hilo katika dini yetu lina mpaka unaojulikana. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Bukhari kisa cha Ummul-Alaa, mwanamke wa Kiansari, ambaye nyumbani kwake alifikia sahaba mtukufu Uthman bin Madh'un (RA) baada ya Hijra. Uthman aliugua, wakamuuguza, akafariki. Wakati maiti imekwisha kuvishwa sanda, Mtume (SAW) akaingia, na yule mama akamshuhudia marehemu kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumkirimu. Mtume (SAW) akamuuliza amelijua vipi hilo. Akamweleza kwamba yeye mwenyewe anamtarajia marehemu kheri, lakini elimu ya yatakayokuwa iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mama yule akasema hatamsifu mtu tena kwa namna hiyo. Tuzingatie kwamba anayezungumziwa hapo ni miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kabisa, mtu aliyehama mara mbili kwa ajili ya dini yake. Ikiwa kwa huyo ulimi ulizuiwa, itakuwaje kwa walio baada yake?

Mafundisho hayo yanatutosheleza, wala hatuhitaji kubishana na Mkatoliki kuhusu mtakatifu wake. Yeye ana vipimo vyake, na sisi tuna vyetu. Lakini mafundisho hayo hayo yana upande wa pili ambao katika vijiwe vyetu hautajwi. Asiyeruhusiwa kumtia mtu Peponi haruhusiwi vilevile kumtia Motoni. Mtume (SAW) ametukataza kuwatukana waliokufa, na maneno tunayoyasikia wakati mwingine juu ya Mwalimu, yanayosemwa na vijana ambao hawakumwona wala kusoma ukurasa mmoja aliouandika, yamevuka mpaka wa ukosoaji.

Hofu yetu iko mahali pengine. Mtu akivikwa utakatifu, historia yake nayo huvikwa. Kanisa likimtangaza mtu, halisemi kwamba kila sera yake ilikuwa sahihi, na wanateolojia wao wanalijua hilo vizuri. Lakini mwananchi wa kawaida hatatofautisha, mwanasiasa hatataka kutofautisha, na mwandishi wa vitabu vya shule atafuata upepo. Tayari tulikuwa na tatizo hili kabla Jimbo la Musoma halijafungua jalada. Mwaka 1981 Chuo cha CCM Kivukoni kilitoa historia ya TANU, na msomaji wa kitabu kile angeweza kudhani kwamba chama kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kama mtoto asiye na ukoo.

Ukoo upo. Kulikuwa na African Association tangu mwaka 1929, na miongoni mwa nguzo zake alikuwemo Kleist Sykes, ambaye pia alikuwa katika safu ya mbele ya Al Jamiatul Islamiyya mjini Dar es Salaam. Kulikuwa na mwanawe, Abdulwahid, aliyekuwa akikiongoza chama kabla ya uchaguzi wa Aprili 1953 katika Ukumbi wa Arnautoglo, ambao Mwalimu alishinda. Kulikuwa na Ally Sykes na Dossa Aziz. Kulikuwa na Mzee John Rupia, Mkristo aliyefungua mfuko wake, na tunamtaja kwa makusudi ili isidhaniwe kwamba tunabadilisha upotofu mmoja kwa mwingine. Kulikuwa na Mzee Mshume Kiyate wa sokoni Kariakoo, na Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni aliyekuwa na wafuasi kila kona ya nchi. Kulikuwa na Bibi Titi Mohammed, ambaye sauti yake iliwatoa wanawake majumbani. Mwalimu mwenyewe, alipoagana na wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee mwaka 1985, hakuona haya kuwakumbuka watu waliompokea. Waliomfuata ndio waliokuwa wachoyo kuliko yeye.

Na kuna kurasa zenye uchungu. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, alifukuzwa katika chama mwaka 1958 baada ya kuhoji mustakabali wa Waislamu katika nchi iliyokuwa inakuja. Mwaka 1968 Sheikh Hassan bin Ameir alikamatwa na kurudishwa Zanzibar. Desemba ya mwaka huo huo jumuiya ya EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule na misikiti Afrika Mashariki tangu mwaka 1945, ilipigwa marufuku, na BAKWATA ikasimama mahali pake baada ya mkutano wa Iringa. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na dereva wa daladala hulitaja mara mia kwa siku, lakini ukimuuliza kwa nini barabara imeitwa hivyo huenda akakutazama tu.

Je, mambo hayo yamo katika majalada ya Kanisa? Yanapaswa kuwemo, kwa kanuni za Kanisa lenyewe. Swali linalotuhusu sisi ni nani atayapeleka.

Qur'an Tukufu (2:283) imekemea vikali kuficha ushahidi na kuuhesabu kuwa ni dhambi ya moyo. Aya nyingine (4:135) inatuamrisha kusimama na uadilifu hata kama ushahidi utatugeukia sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Na ya tatu (5:8) inaonya kwamba chuki juu ya watu fulani isitupeleke kuacha uadilifu. Kwa mizani hiyo, anayetaka kutoa ushahidi wa mwaka 1968 atoe na wa mwaka 1969, pale Sheria ya Elimu ilipofungua njia ya kutaifisha shule za misheni. Shule zile zilikuwa za Kanisa, na Rais aliyezichukua alikuwa muumini wa Kanisa hilo hilo. Maelfu ya watoto wa Kiislamu waliingia katika madarasa ambayo baba zao waliyaogopa, bila kubadili majina yao. Wakatoliki wengi waliumia. Ukurasa huo Waislamu wachache huusoma kwa sauti, nao ni sehemu ya haki ya marehemu. Kwa maneno mengine, alichokipata yeye Mwisenge mwaka 1934 kilikuja kuwa haki ya kila mtoto wa nchi hii.

Upande wa pili nao umetoa mashahidi wakweli. Padri John Sivalon wa shirika la Maryknoll, shirika linalojulikana sana mkoani Mara, aliandika kitabu kuhusu Kanisa Katoliki na siasa ya Tanzania Bara kati ya mwaka 1953 na 1985, na kikachapishwa mwaka 1992. Waislamu wanaolalamika kuhusu nafasi ya Kanisa katika siasa wamekitegemea kitabu hicho kuliko kitabu chochote cha Mwislamu, mpaka alipotokea Mohamed Said mwaka 1998 na kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes. Tafakari hali hiyo: umma wa isnadi unasubiri padri auandikie.

Na hapa ndipo Namugongo inapokuja. Mashahidi wa Kikristo wanaokumbukwa pale kila tarehe 3 Juni waliuawa na Kabaka Mwanga, wengi wao mwaka 1886, na 22 kati yao, waliokuwa Wakatoliki, walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Kila mmoja ana jina, ukoo na siku ya kifo chake. Lakini takriban miaka 10 kabla yao, Kabaka Mutesa I, baba yake Mwanga, alikuwa amewaua makumi ya Waislamu, wengi wao vijana wa kasri yake, na ardhi ya Namugongo ililowa damu yao pia. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na watu wa Kabaka wasiotahiriwa, wakakataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, na wakasema msikiti wake haukuelekea kibla. Walikufa kwa ajili ya halali, haramu na kibla. Waislamu wa Uganda wanawakumbuka. Sisi wa upande huu wa ziwa tunasikia jina la Namugongo kila Juni na wengi wetu hatujui kwamba tuna wenzetu pale.

Tofauti baina ya makundi mawili yale haikuwa katika imani wala katika ujasiri. Wale wa mwaka 1886 walikuwa na mapadri waliokaa usiku ule ule na kuandika majina. Wale wa kwanza walibaki vinywani mwa watu, na vinywa vikafumbwa kimoja kimoja. Hatusemi kwamba wamepungukiwa mbele ya Mola wao, hasha. Waliopungukiwa ni wajukuu.

Dar es Salaam imebahatika kidogo. Kleist Sykes alikuwa mtu wa kuandika, na karatasi alizoziacha zilimwezesha mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, kuandika maisha ya babu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Bibi Titi na wanawake wenzake walihojiwa na mtaalamu kutoka Marekani, Susan Geiger, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Bibi Titi akafariki mwaka 2000. Miaka mitatu tu! Kama yule mgeni angechelewa, tungekuwa tunamsoma Bibi Titi katika kibao cha barabara peke yake. Mwaka 2020 Profesa Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wa Mwalimu katika juzuu tatu, kazi ambayo haikumpaka mafuta wala tope. Lakini hayo mengi ni ya mji mkuu wa zamani.

Mara je? Kanda ya Ziwa ilikuwa na mambo yake. Katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa serikali ya kikoloni iliizuia TANU isifanye kazi kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na mtu aliyekutwa na harufu ya chama alikuwa mashakani. Musoma ya wakati ule ilikuwa na Waislamu wake: wafanyabiashara wa samaki na wa nguo, mafundi, mabaharia wa meli za ziwani, walimu wa madrasa. Mzee mmoja wa mjini hapo, tuliyezungumza naye baada ya sala ya Ijumaa, alitueleza kwamba baba yake alikuwa na kadi ya TANU na barua kadhaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Tulipoomba kuziona, alifungua mikono yake miwili na kutuonyesha viganja vitupu. Mchwa, akasema. Kisha akaanza kusimulia kwa moyo, kwa majina na mitaa, na mjukuu wake aliyekaa pembeni na simu mkononi hakurekodi hata neno moja mpaka tulipomwomba.

Mjukuu yule alipoanza kurekodi tulimwelekeza mambo machache, na tunayarudia hapa kwa wale walio na wazee majumbani. Kwanza jina kamili la msimulizi na mwaka aliozaliwa, hata wa kukadiria. Kisha kila habari iambatanishwe na namna alivyoipata: ameiona kwa macho yake, au ameisikia kwa nani, na huyo naye aliisikia kwa nani. Akisema hajui, iandikwe kwamba hajui. Akimsifu Mwalimu iandikwe, akimlaumu iandikwe, wala anayeandika asitie neno lake katikati. Nakala moja ibaki na familia, ya pili iwekwe msikitini pamoja na majina ya waliohudhuria, na anayetaka apeleke ya tatu kwa maaskofu wa Musoma na kuomba risiti ya kupokelewa. Mzee yule ana miaka 87, na ametuambia kwamba wenzake wa rika lake anaoweza kuwataja katika mji ule wamebaki wanne.